Redio ya Ridhaa na Intaneti: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kusikia na Kusikika

Kwa miezi mingi niliita CQ, mwito wa redio kwa yeyote anayesikia, bila kujibiwa. Nilikuwa na leseni, redio ya wati 100 na waya niliouning'iniza mwenyewe, na bado kila nikiachia kitufe narudishiwa mvumo uleule. Sikujua kama ubovu uko kwenye antena, kwenye redio, angani, au watu tu wamelala. Usiku mmoja nikafungua kwenye kompyuta kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, kilichoko Enschede, Uholanzi, nikakiweka kwenye masafa yangu, nikatamka alama yangu ya wito, yaani jina langu la hewani, mara mbili, nikanyamaza. Muda mfupi baadaye, katikati ya mkwaruzo, nikajisikia. Sauti nyembamba kama ya mtu anayeongea ndani ya debe, lakini ni mimi. Antena ilikuwa nzima. Kumbe nilikuwa naita kwenye bendi (kundi la masafa) isiyo na watu, saa isiyo na watu.

Wapo wakongwe wa redio wasiotaka hata kusikia neno intaneti likitajwa mbele ya maikrofoni. Kwa jambo moja nawaunga mkono: mazungumzo yakitoka simu hadi simu bila mawimbi yoyote kati yake, hiyo ni simu yenye alama za wito. Lakini mtandao ukiutumia kama sikio la pili, linalokueleza mawimbi yako yamefika wapi, utajifunza kwa wiki moja yale ambayo mimi yalinichukua karibu mwaka. Nimezipanga hatua hizi kwa mpangilio ambao ningetamani mtu angenipangia.

Hatua ya 1: Azima sikio kabla ya kununua redio

Asiye na kifaa chochote anaweza kuanza leo. Kipokezi kinachosikilizwa kupitia kivinjari huitwa WebSDR. Programu yake iliandikwa na Pieter-Tjerk de Boer, PA3FWM, na hicho cha Twente kinashika kuanzia masafa ya chini kabisa hadi kupita kidogo megahezi 29. Watu wengi hukisikiliza kwa pamoja, kila mmoja kwenye masafa yake, bila kusumbuana. Kuna pia KiwiSDR, visanduku vidogo vilivyotapakaa duniani. Hivi hupokea wasikilizaji wachache kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukikuta kimejaa, hamia kingine.

Ukikifungua utaona picha ya rangi inayoshuka polepole kama maji ya maporomoko. Kila mstari ni mtu au mtambo. Mistari myembamba inayokatikakatika ni Morse. Ile mipana ya kilohezi mbili na ushee ni sauti za watu. Bonyeza ukingoni mwa mmoja wa hiyo mipana, kisha chagua upande: chini ya megahezi 10 watu huongea kwa LSB (upande wa chini), juu yake kwa USB (upande wa juu, si ile ya kebo). Ukikosea upande utasikia kama bata wanagombania chakula. Ukiwa upande sahihi na bado sauti ni nene mno au nyembamba mno, sogeza masafa kidogo kidogo, hezi 20 au 50 kwa mara moja, mpaka mtu asikike kama mtu.

Kaa na kipokezi hicho wiki nzima. Mchana sikiliza megahezi 14 na 21, usiku shuka hadi 7 na 3.5. Jua linapochomoza, tabaka la chini la ionosfia, sehemu ya anga la juu inayorudisha mawimbi ardhini, huanza kumeza masafa ya chini. Linapozama, tabaka hilo hutoweka na bendi za chini hufunguka kwenda mbali. Ukilisikia badiliko hilo kwa masikio yako jioni mbili tu, hutaita tena CQ kwenye bendi iliyofungwa.

Tahadhari ya heshima: ukimsikia mtu kupitia kipokezi cha mbali huku unamjibu kwa antena ya nyumbani kwako, usiyaandike hayo kama mawasiliano ya kuombea tuzo. Umeazima sikio, na wenzako wanaoshindania tuzo hiyo wanasikiliza kwa yao.

Hatua ya 2: Jitambulishe, lakini usijianike

Kurusha mawimbi kunahitaji leseni na alama ya wito kutoka mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Mtandao haujaondoa sharti hilo, na mifumo mingi ya redio mtandaoni itadai uithibitishe leseni kabla ya kukufungulia mlango.

Utaulizwa pia kiraba chako kwenye gridi ya Maidenhead, ambayo inaigawa dunia yote katika viraba vyenye majina ya herufi na tarakimu. Alama nne hutaja kiraba cha nyuzi 2 za longitudo kwa nyuzi 1 ya latitudo. Karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita 220 kwa 110. Alama sita hukubana hadi kama kilomita 9 kwa 4.6. Kwa kazi nyingi nne zinatosha. Nimeona watu wameweka alama kumi, anwani ya nyumba, na picha ya chumba chenye redio za thamani, vyote kwenye ukurasa mmoja unaofunguliwa na yeyote. Mwizi hahitaji kuuliza njia.

Hatua ya 3: Ipime antena yako kwa WSPR

Hapa ndipo mtandao unapolipa kuliko popote. WSPR ni mfumo wa Joe Taylor, K1JT, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 na ambaye baadaye aligeuza ujuzi wa kuvua mawimbi hafifu kutoka angani kuwa programu za bure kwa ajili yetu. Redio yako hutuma mambo matatu tu: alama ya wito, kiraba chako, na nguvu unayorusha. Ujumbe huo mfupi unachukua karibu sekunde 111, ukianza kwenye dakika ya shufwa, na hautumii hata hezi 10 za upana. Vituo vinavyousikia huripoti vyenyewe mtandaoni, navyo huonekana kwenye ramani.

Pakua programu ya WSJT-X, unganisha sauti ya redio na kompyuta, weka redio kwenye megahezi 14.0956 kwa USB, na punguza nguvu hadi wati 1 au chini yake. Andika nguvu yako ya kweli. Inaandikwa kwa dBm, kipimo cha nguvu: 23 ni miliwati 200, 30 ni wati 1, 37 ni wati 5. Ukidanganya hapo umejidanganya mwenyewe, maana kulinganisha kwote kunasimama juu ya tarakimu hiyo. Kisha weka urushe takribani mara moja katika kila tano, muda uliobaki usikilize wengine.

Iache iende saa 24, halafu fungua ramani. Mimi nilitazama yangu kwa miliwati 200, nguvu isiyofika hata ya kitochi, na mistari ilikuwa imevuka bahari. Lakini ilikwenda upande mmoja tu. Kaskazini palikuwa peupe. Nikatoka nje kutazama waya na nikaona kile nilichokuwa nakiona kila siku bila kukitilia maanani: ulikuwa umelala sambamba na paa la bati, paa likiwa upande huohuo. Nikausogeza mita nne, siku mbili baadaye kaskazini pakaanza kujaa.

Ukilinganisha antena mbili, usipime moja leo na nyingine kesho. Anga la kesho si la leo. Zibadilishane kila baada ya mizunguko michache ya WSPR, kisha tazama desibeli (nguvu ya mawimbi yako dhidi ya kelele) alizokupa msikilizaji yuleyule ndani ya saa ileile. Tofauti ya desibeli 1 au 2 ipuuze. Ya 6 ni ya kweli.

Hatua ya 4: Saa, halafu FT8

FT8, mfumo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi wa maandishi kwa redio, ilitoka mwaka 2017, kazi ya Steve Franke, K9AN, na huyo huyo Taylor. Kila ujumbe una nafasi ya sekunde 15: unarusha kama sekunde 12.6, mwenzako anajibu kwenye nafasi inayofuata. Wanaoiponda husema ni kompyuta mbili zinaongea. Sawa, ila kwa mtu mwenye antena duni na majirani wenye kelele, ni mlango pekee ulio wazi siku nyingi za mwaka.

Kitakachokukwamisha mapema ni saa. Kompyuta yako ikipishana na wengine kwa zaidi ya sekunde moja au mbili, hutasoma chochote wala hutasomwa. Siku zangu tatu za kwanza niliona mistari imejaa kwenye skrini na hakuna hata neno moja lililotafsirika. Nikabadilisha waya wa sauti. Nikasakinisha programu upya. Saa ya kompyuta ilikuwa nyuma sekunde nne. Washa ulinganishaji wa saa kwa NTP (njia ya kupata saa sahihi kutoka intaneti), hakikisha umefanyika kweli, kisha tazama safu iliyoandikwa DT, tofauti ya saa kwa sekunde, ndani ya WSJT-X. Kila kituo kikionyesha kama 0.1 au -0.2, uko sawa. Wote wakionyesha 1.4, usiseme dunia nzima imechelewa.

Nenda megahezi 14.074, 7.074 au 21.074. Hapa ni USB kwenye bendi zote, hata za chini. Punguza sauti inayotoka kwenye kompyuta mpaka kipimo cha ALC cha redio, kinachoonyesha sauti ikizidi, kiwe hakigusi kitu. Ukiizidisha utajaza bendi kwa vivuli vyako na kuwaharibia wengine. Wati 20 au 30 ni nyingi. Ita CQ mara tatu, halafu kabla ya kulalamika kwamba hujajibiwa fungua PSK Reporter, tovuti yenye ramani ya ripoti za wasikilizaji, utazame nani amekusikia. Ukikuta vituo 40 vimekusikia na hakuna aliyejibu, antena haina kosa. Labda huko uliko ni pa kawaida kwao. Ukikuta sifuri, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: EchoLink, ripita za mbali, na ruta yako

EchoLink ya Jonathan Taylor, K1RFD, ilianza mwaka 2002. Inabeba sauti kwa intaneti na kuitoa hewani kupitia ripita (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya) au kiungo cha mwanaridhaa mwingine. Sajili alama yako, tuma nakala ya leseni, subiri idhini. Kwenye orodha, alama inayoishia na -R ni ripita, -L ni kiungo, isiyo na kitu ni mtu aliye kwenye kompyuta au simu, na jina lenye nyota pembeni ni chumba cha mkutano. Anza na namba 9999, chumba cha majaribio kinachokurudishia sauti yako. Jisikilize. Ukijisikia unapasuka, rudisha maikrofoni nyuma kabla ya kuwapasulia watu masikio.

Kwenye kompyuta, ruta yako inatakiwa kuelekeza poti (milango ya data) za UDP 5198 na 5199 kwenye mashine yako, na TCP 5200 iruhusiwe kutoka. Maelezo yote utakayosoma yanaishia hapo, na mimi hapo ndipo nilipopotea wiki mbili. Kila kitu kwenye ruta kilikuwa sahihi na bado sikusikia sauti. Niliwapigia watoa huduma wangu, nikaambiwa niizime na kuiwasha ruta. Niliizima na kuiwasha mpaka nikaizoea taa yake.

Jipime mwenyewe hivi: ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, tafuta anwani ya IP ya upande wa nje, uiandike. Halafu tazama kwenye mtandao anwani ambayo dunia inakuona nayo. Zikifanana, endelea na poti zako. Zikitofautiana, na hasa ile ya kwenye ruta ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani inayoshirikiwa na wateja wengi, na hakuna poti utakayoifungua nyumbani itakayokusaidia. Intaneti ya laini za simu mara nyingi iko hivyo. Dawa ni kutumia proksi ya EchoLink, seva inayokupitishia mawasiliano, unayoichagua ndani ya programu yenyewe, au programu ya simu ambayo hupitia seva ya kati.

Ukishaingia kwenye ripita ya watu, kuna tabia moja inayomtofautisha mgeni mstaarabu. Bonyeza kitufe, hesabu mbili, ndipo uongee, kwa sababu viungo huchelewa kuamka na neno lako la kwanza humezwa. Mwenzako akimaliza, acha pengo kabla ya kujibu. Pengo hilo ndilo mlango wa mtu aliye kando ya barabara na redio ya mkononi, ambaye hajui kabisa kwamba nyinyi wawili mnaongea kutoka mabara mawili.

Hotspoti za DMR na D-STAR, mifumo ya sauti ya kidijitali, ni ndugu wa jambo hilihili: kisanduku chenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ndani, kinachorusha kama miliwati 10 hadi kwenye redio yako ya mkononi na kupeleka yaliyobaki kwa intaneti. Kwa DMR utahitaji namba ya utambulisho ya tarakimu saba, na kwenye mtandao wa BrandMeister namba 9990 ndiyo kasuku wa kukurudishia sauti. Tafadhali usikiweke kwenye megahezi 145.8 hadi 146 wala 435 hadi 438. Huko ni kwa setilaiti, na miliwati 10 zako hazijui mpaka wa ukuta wa jirani anayezisikiliza.

Hatua ya 6: Winda kelele ambayo intaneti imeleta nyumbani

Intaneti hiyohiyo inayokupa masikio ya mbali inaweza kukuziba la nyumbani. Ruta, adapta zake, nyaya za mtandao na hasa vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, vyote hutoa mawimbi kwenye bendi zetu. Kuna kejeli yake hapo. Wazo la Etheneti, mfumo wa nyaya hizo za mtandao, lilichota kutoka ALOHAnet, mtandao wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioanza mwaka 1971 kuunganisha visiwa kwa redio. Mtoto amekua, sasa anampigia mzazi kelele sikioni.

Tafuta chanzo kwa utaratibu, usikisie. Endesha redio kwa betri. Weka megahezi 7 mahali pasipo na mtu, zima AGC (inayosawazisha sauti yenyewe) ikiwezekana, andika kipimo cha S, yaani cha nguvu ya mawimbi yanayoingia, kinasoma ngapi. Sasa zima swichi kuu ya nyumba nzima. Kipimo kikishuka, adui yuko ndani. Kisiposhuka, yuko kwa jirani au kwenye nguzo. Washa chumba kimoja kimoja, kisha kifaa kimoja kimoja, kila mara ukisoma kipimo na kuandika.

Kwangu kilikuwa S8 na kilishuka hadi S3. Niliishuku televisheni, nikashuku taa za LED, nikashuku friji. Ikawa adapta ndogo ya ruta, nyepesi kama kiberiti, iliyokuwa inatoa mlio kila baada ya kilohezi 60 hivi, juu hadi chini ya bendi. Nilipoweka adapta ya kizamani yenye transfoma nzito, ya volti zilezile na uwezo wa mkondo unaotosha, kimya kikaingia chumbani kana kwamba mtu amefunga dirisha.

Kama huwezi kubadilisha, tumia pete za feraiti, madini yanayozuia kelele kusafiri kwenye waya. Kuvisha pete moja kwenye waya hakusaidii sana. Pitisha waya huohuo mara sita au nane ndani ya pete kubwa, karibu na kifaa kinachopiga kelele. Kwa bendi za chini tafuta feraiti ya mchanganyiko namba 31. Nyaya za mtandao ndefu zifanye fupi, na antena isogeze mbali na nyumba kwa kadiri kiwanja kinavyokuruhusu. Mita tano zaidi hushinda pete kumi.

Hatua ya 7: Daftari kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia)

Hapa sitakawia. Andika mawasiliano yako kwenye programu inayotoa faili la ADIF, muundo wa daftari unaosomwa na programu nyingi, ili uweze kuhama programu bila kupoteza historia. Kwa kuthibitisha, Logbook of The World ya ARRL (chama cha wanaridhaa cha Marekani), iliyoanza mwaka 2003, hulinganisha taarifa zako na za mwenzako: alama, bendi, aina ya urushaji, na muda usiopishana zaidi ya dakika 30. Mimi niliandika miezi miwili kwa saa ya ukutani badala ya UTC, nikapata uthibitisho sifuri, nikawalaumu wenzangu kwa uvivu. Cheti cha kidijitali cha Logbook of The World kihifadhi nakala nje ya kompyuta yako. Siku diski itakapokufa utakikumbuka.

Hatua ya 8: Kuiendesha redio ukiwa mbali

Ukitaka kutumia kituo chako ukiwa safarini, usiifungue redio moja kwa moja kwa dunia nzima. Tumia njia ya VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), nenosiri refu, na kipima muda ndani ya redio yenyewe kinachokata urushaji baada ya dakika tatu. Weka pia swichi ya umeme inayodhibitiwa kwa njia tofauti na hiyo intaneti, kwa sababu mtandao unaweza kukatika ukiwa umebonyeza kitufe. Soma leseni yako inaruhusu nini. VPN inafunika njia ya kuifikia redio. Kinachotoka hewani lazima kieleweke na yeyote, maana Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, haziruhusu wanaridhaa kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo, isipokuwa amri za kuongozea setilaiti.

Hatua ya 9: Zima ruta

Mara moja kwa mwezi chomoa ruta siku nzima uone nini kimebaki. Kabla ya hapo sajili akaunti ya Winlink, inayotuma barua pepe kwa mawimbi ya HF (masafa mafupi) hadi kituo kilicho mahali penye intaneti, na ujaribu kutuma barua moja huku ruta imezimwa. Usiitarajie kasi, aya mbili zinaweza kuchukua dakika kadhaa bendi ikiwa mbaya, na picha isahau.

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilidhani nimejiandaa vya kutosha. Barua ya Winlink ilikwenda. Sauti kwenye megahezi 7 ilikwenda. Programu ya daftari ikakataa kufunguka kwa sababu ilitaka kwanza kuuliza kama kuna toleo jipya, nikaandika kwa kalamu. Nikaiacha ruta imezimwa siku ya pili, na jioni ya siku ya tatu FT8 ikanyamaza, mistari imejaa skrini, neno hakuna. Safari hii sikugusa waya hata mmoja. Nilifungulia redio kwenye megahezi 10, nikaisubiri milio ya saa ya WWV, kituo cha Marekani kinachotangaza saa sahihi, nikairekebisha saa ya kompyuta kwa mkono kwenye mlio wa dakika. Wiki iliyofuata nikanunua kipokezi kidogo cha GPS, kimegandishwa dirishani, na kazi yake ni moja tu: kuiambia kompyuta saa ngapi.